Koti la Kijani la Mossgarth

Mara ya kwanza Gaynor Tyson alipofanya biashara na Thora Stainton, alishindwa. Jambo hilo lilimuuma, maana Gaynor hakuwa mtu wa kushindwa bei. Alikuwa na meza ya vitu vya zamani kwenye gulio la Jumamosi mjini Millom, meza aliyoianza na sanduku moja la vikombe vya marehemu shangazi yake. Tangu hapo alikuwa akijilisha kwa kujua jambo moja tu: kila muuzaji ana bei mbili, ya mdomoni na ya moyoni, na kazi ya mnunuzi ni kuichimba hiyo ya pili.

Siku hiyo aliingia katika duka la hisani mjini Barrow, lile la kusaidia nyumba ya wagonjwa mahututi, ambako watu huleta mitumba yao bure na wazee wa kujitolea huiuza. Akaona sufuria ya shaba ya kupikia jamu. Akaigonga kwa ukucha, akaipindua, akakunja uso.

"Imetoboka hii," akasema.

"Haijatoboka." Mwanamke wa kaunta alikuwa mrefu, mkavu kama ufito, nywele nyeupe zimekatwa sawasawa kuzunguka masikio. "Niliijaza maji asubuhi nikaiweka juu ya gazeti. Gazeti ndilo hilo. Lipapase kama limelowa."

"Basi nikupe nusu ya bei."

"Utanipa yote."

"Mama, hivi ni vitu vya bure. Mmeletewa tu."

"Aliyeinunua sufuria hii kwa jasho lake amekufa, mpenzi. Sasa hiyo nusu unataka nimkate nani?"

Gaynor akalipa yote, akatoka nje, akacheka peke yake barabarani kama mwehu. Mtu wa namna ile, alijiambia, ni heri awe upande wako.

Akarudi. Akarudi tena. Muuzaji hata awe mkavu vipi hufika siku akakuambia anakoishi, na Gaynor akapata kujua kwamba Thora alikuwa peke yake katika nyumba aliyozaliwa, huko Mossgarth, ukingoni mwa tope la hori la bahari. Humo ndani mlikuwa na kasha la mwaloni lililochongwa majani na herufi za bibi na bwana harusi waliokufa kabla treni hazijaanza. Aliposikia hivyo Gaynor alidondokwa na mate. Alijua matajiri wa kusini ambao wangeng'oana meno kwa ajili ya kasha kama hilo.

Ndipo akaomba na yeye ajitolee pale dukani, kila Jumanne, siku ya Thora. Wengine hujitolea kwa ajili ya Mungu, wengine kwa upweke. Gaynor alijitolea kwa ajili ya kasha.

Masika yakapita, kiangazi kikapita, ukafika tena mwezi wa Novemba, na bado hakuwa amekanyaga kizingiti cha nyumba ile.

Kituo cha Mossgarth si kituo cha mtu kujivunia. Kina jukwaa fupi kama meza ya kulia, benchi, na taa moja. Treni haisimami pale mpaka iombwe. Ukiwa nje unamwinulia dereva mkono. Ukiwa ndani unamwambia konda mapema, kisha unakwenda behewa la mbele, kwa sababu ni mlango wa mbele tu unaofika kwenye jukwaa. Usipoomba, treni inapita kama vile hapo pahala hapajawahi kuwa na watu. Na mtu wa kuomba alikuwa mmoja tu, Thora.

Kwa hiyo kila Jumanne asubuhi Gaynor, aliyekwisha kupandia Millom, aliona jambo lilelile dirishani: ukungu, kisha mkono wa kijani umeinuliwa katikati ya ukungu, kisha mwenye mkono. Lile koti lilikuwa la sufi nzito, kijani cha chupa, kola pana, vifungo vya pembe. Lilikuwa la kizamani kuliko konda, lakini halikuwa na uzi uliolegea. Thora alikuwa amefanya kazi ya kupiga pasi katika chumba cha dobi cha hoteli tangu alipomaliza shule mpaka alipostaafu, na nguo yake ilionyesha.

Jumanne hiyo alikaa mkabala na Gaynor, akamimina chai ya chupa, akaweka mapajani boksi la picha ya vipande vya kuunganisha. Picha zote za aina hiyo zilizoletwa dukani alizichukua kwanza nyumbani akaziunganisha, ajue kama zimetimia.

"Imetimia?" Gaynor akauliza.

"Imepungua kimoja. Sikio la farasi."

"Nani atajua?"

"Farasi atajua." Akatoa kalamu akaandika juu ya boksi kwa herufi kubwa: HANA SIKIO.

Gaynor akacheka, akaona mlango umefunguka kidogo. "Bi Thora, si siku moja nije nilitazame hilo kasha? Kutazama tu. Sitaligusa."

"Wizi wote huanza na kutazama tu. Mwaka mzima unanizunguka kama paka na kichwa cha samaki."

"Nitakupa bei ambayo hujawahi kuisikia."

"Na mimi nitakupa jibu ulilokwisha kulisikia." Akafunga chupa yake. "Nyumba ile haiingiliwi na wageni, shoga. Ina mambo yake."

Gaynor aliwahi kuyaona kidogo hayo mambo, msimu wa baridi uliopita, siku dhoruba ilipoziba njia na treni za jioni zikafutwa. Rosalind, meneja wa duka, alimpa Thora kochi lake alale Barrow. Thora, ambaye alikuwa akikausha mfuko wa chai ili autumie tena, alikataa akakodi teksi. Teksi ya dhoruba! Gaynor alimwona akimpa dereva fedha bila kuuliza mara mbili, na kitendo hicho kilimkaa akilini, kwani bahili akifungua mkono bila kulia ujue kuna kitu anakiogopa kuliko umaskini.

"Kwani nyumbani kuna nini?" alimuuliza wakati ule.

"Koti hili halilali nje."

"Koti lina mtoto wa kunyonyesha?"

"Lina kulabu yake," Thora alijibu, akafunga mlango wa teksi.

Dukani walikuta mifuko imerundikwa mlangoni, chini ya bango linalowasihi watu wasiache mifuko mlangoni. Mvua ilikuwa imeipiga usiku kucha. Ilikuwa nyumba nzima ya marehemu fulani: suruali, fulana, soksi zilizokunjwa mbilimbili na mkono wa mke aliyemtangulia. Walipoiburuta kwenda chumba cha nyuma, mfuko mmoja ukakwama kwenye kulabu ya mlango, ile ambayo watu wa duka hutundika makoti yao, ukaing'oa pamoja na skrubu zake.

Maduka haya yana sheria moja ambayo kila mgeni hufundishwa kabla hata ya kuonyeshwa choo. Bomba refu la nyuma, la nguo zinazongoja pasi ya mvuke, lisitundikwe kitu cha mtu. Kilichogusa bomba ni cha duka. Thora mwenyewe ndiye aliyekuwa akifundisha sheria hiyo, kwa ukali. Lakini mfuko wa pili ulipasuka, viatu vikatawanyika sakafuni, Rosalind akaita msaada, na Thora, koti mkononi, alitazama mahali palipokuwa na kulabu, hakuona kulabu. Akalitia koti kwenye henga, akalining'iniza mwisho wa bomba. Kwa kitambo tu.

Asubuhi ikapita kwa kazi. Kazi ya Thora ilikuwa kupekua mifuko ya suruali na makoti. Katika mifuko ya wafu mna leso, peremende, tiketi za basi, wakati mwingine meno. Kabla ya kuingiza mkono katika kila mfuko alisema, "Samahani."

"Unamwomba nani radhi?" Gaynor alimtania. "Suruali?"

"Wewe ukipekuliwa mfukoni bila hodi utafurahi?"

"Mimi nikifa mnipekue tu. Mtakuta deni."

"Wewe ukifa," Thora akasema, "utaomba jeneza lipunguzwe bei."

Adhuhuri Thora alikwenda kula mkate wake wa soseji ghorofani, karibu na birika. Rosalind, ambaye alikuwa ametoka duka la simu na alifanya kila kitu mbio, akashika pasi ya mvuke akalivamia bomba kuanzia mwisho. Gaynor akabaki kwenye kaunta.

Nje ukungu ulikuwa umefunga, taa za barabarani zimewaka mchana. Wateja walikuwa hawapo. Gaynor alikuwa ameinama akipanga vijiko, alipoona mikono juu ya kaunta, na nguo imekunjwa, bitana nje, bitana ya zambarau. Hakuinua kichwa mara moja. Ilikuwa tabia yake ya miaka. Uso wa mnunuzi ni mwongo, mikono ndiyo husema kama atalipa. Mikono ile ilikuwa myeupe mno, imenywea, imefanya mikunjo kwenye ncha za vidole kama ya mtu aliyefua kutwa.

"Bei haijabadilika?" sauti ikauliza. Ya mwanamke, ya chini, imekauka kidogo.

Gaynor akageuza kikaratasi cha bei. Hati ya Rosalind. "Pauni kumi."

"Ileile."

"Ileile mama. Hapa hatupunguzi."

"Sikuomba upunguze."

Noti ikawekwa. Gaynor alipoiona, akasahau yote mengine. Ilikuwa noti ya karatasi, ya kahawia, pana, ya zamani za ujana wake, isiyopita tena dukani popote. Ilikuwa na unyevu na ubaridi wa kitu kilichotolewa kisimani. Bibi fulani ameikuta chini ya godoro, Gaynor alifikiri, hutokea. Naye aliwajua watu wanaokusanya noti kama hizo na kuzilipia zaidi ya thamani yake. Akatoa noti yake mwenyewe ya plastiki kwenye pochi, akaitia kwenye droo ya duka, ile ya kahawia akaikunja akaitia mfukoni. Duka halikupoteza hata senti. Alipoinua kichwa amshukuru mteja, hapakuwa na mtu.

Mlango wa duka lile una kengele. Baadaye alijaribu sana kukumbuka kama ililia.

Walipokuwa wakifunga, Thora alishuka ngazi akaenda moja kwa moja mwisho wa bomba. Akasimama hapo. Hakupiga kelele. Alishika henga moja, akaisogeza, akashika ya pili, akaisogeza, taratibu, mpaka akafika mwanzo.

"Rosalind," akasema. "Kulikuwa na koti la kijani."

Rosalind akatia mkono mdomoni. "La vifungo vya pembe? Nililipiga mvuke. Nikaliandika... Mungu wangu, Bi Thora! Lilikuwa lako?"

"Bitana yake ya rangi gani?" Gaynor akauliza, ingawa alikwisha kujua.

"Zambarau."

"Basi nimeliuza mimi. Kwa pauni kumi."

Watu wa kule wakipatwa na msiba huombana radhi. Rosalind akaomba radhi, Gaynor akaomba radhi, Thora naye akaomba radhi. "Ni kosa langu, nililitundika kwenye bomba," alirudia kama mtoto anayekariri somo. Kisha akakaa juu ya mfuko wa mablanketi.

"Ufunguo wa nyumba ulikuwa mfukoni," Thora akasema. "Lakini shida si ufunguo. Giza linaingia. Lazima liwe kwenye kulabu kabla ya giza."

"Tutabandika tangazo," Rosalind akasema. "Chukua koti lolote, Bi Thora. Lolote lile, chagua."

Thora alikuwa hajawahi kuvaa nguo ya pale. Akachukua koti la mvua jekundu lililokuwa karibu, akatia mkono mfukoni, akasema "Samahani," akalivaa.

Treni ya jioni ilikuwa na mabehewa mawili na abiria wachache waliotawanyika. Thora na Gaynor wakakaa la nyuma. Dirishani hori lilikuwa limekupwa, mchanga mtupu wa kijivu mpaka macho yanapokoma, na ukungu ukitambaa juu yake. Gaynor akamega chokoleti yake akampa Thora nusu. Thora akaishika tu.

"Nilikuwa na mdogo wangu," akasema. "Lorna."

"Hukuwahi kunitajia."

"Hukuwahi kuuliza ila kasha." Hakusema kwa ubaya. "Alikuwa akiokota kome huko mchangani, maji yakikupwa. Mimi dobi, yeye kome. Koti lile nililinunua kwa mshahara wangu wa kwanza mzuri. Alilipenda kufa. Siku moja kulikuwa na baridi ya kukata masikio, akaniomba, 'Thora, niazime leo tu.' Nami nilikuwa nakwenda dansi Millom. Nikamwambia, 'Unalitaka? Lilipie. Pauni kumi, na litakuwa lako.' Nilijua hana. Pauni kumi kwa mwokota kome wakati ule! Akatoka na sweta."

Gaynor aliacha kutafuna.

"Ukungu ukashuka, maji yakapanda. Walimtafuta kwa mashua na mbwa. Hawakupata hata kiatu." Thora akatazama nje. "Wiki ileile, jioni moja nilichelewa kurudi na koti. Kulabu ilikuwa tupu. Baba alikuwa amelala. Nikiwa mlangoni nikasikia ndani mtu anapapasa ukutani. Mkono. Unapapasa taratibu pale penye kulabu, unatafuta. Nilipolitundika koti, ukaacha. Tangu siku ile sijaiacha tupu baada ya giza. Mara tatu katika maisha yangu nilichelewa, na mara zote tatu ulikuwepo."

"Panya," Gaynor akasema, lakini bila nguvu.

"Labda panya."

Konda Clive akaja akiyumba na mwendo, mnene, mcheshi, mashine ya tiketi inamning'inia shingoni. Akasimama, akamtazama Thora, akatazama nyuma kule alikotoka.

"Mama wewe una mabawa?" akasema. "Na umebadilisha nguo saa ngapi?"

"Mossgarth, Clive, tafadhali," Thora akasema kama kawaida yake.

"Si umekwisha kuniambia? Sasa hivi, behewa la mbele. 'Mossgarth,' ukaniambia. Umekaa pale mlangoni na koti lako la kijani, kola imepanda mpaka hapa. Nikakwambia leo umelowa Bi Thora, hukunijibu. Nikajua umenuna."

Hakuna aliyecheka. Tabasamu la Clive likashuka lenyewe.

Thora alikuwa amekwisha kusimama. Alipita kati ya viti akishika migongo yake, na Gaynor nyuma yake, treni ikianza kupunguza mwendo. Walipovuka kuingia behewa la mbele, treni ilikuwa imesimama, mlango wa nje umefunguka na ubaridi unaingia. Kiti cha karibu na mlango kilikuwa kimelowa chapachapa, na sakafuni chini yake palikuwa na mchanga wa kijivu, mwembamba, wa pwani. Kando ya jukwaa, kwenye mwanga wa ile taa moja, koti la kijani lilikuwa linapita lango la kituo, likaingia ukungu.

Sasa, Gaynor hakuwa na sababu ya kushuka. Kituo chake kilikuwa mbele, treni nyingine ingekawia, na miguu yake haikutaka. Lakini koti aliliuza yeye. Na ukweli usemwe wote: hata wakati ule, nywele zikiwa zimemsimama, kasha lilimpitia akilini. Kama si leo kuingia nyumba ile, lini? Akashuka.

"Niwangojee?" Clive akaita kutoka mlangoni. Halafu akakumbuka kuwa ni treni, si teksi. Akafunga mlango.

Njia ya kutoka kituoni ilikuwa moja tu, kati ya kuta za mawe, nayo ilikwisha kwenye nyumba ya Thora. Mbele yao hawakuona mtu. Waliona alama kwenye lami iliyokauka: nyayo za miguu mitupu, za maji, zikienda. Thora alikuwa akienda haraka mno kwa umri wake. Mara moja tu alisema, bila kugeuka, "Ulimpunguzia?"

"Hakuomba."

Mlango wa nyumba ulikuwa wazi nusu. Ufunguo ulikuwa kwenye kitasa, bado unapembea.

Gaynor alikuwa ameingia nyumba nyingi za waliokufa, kwa kazi yake, na hakuwahi kuogopa hata moja. Hii aliingia kwa ubavu. Thora akawasha taa. Ukumbini, ukutani, palikuwa na kulabu moja ya chuma, na rangi ya ukuta kuizunguka ilikuwa imekwaruzika, imelika mpaka kwenye chokaa, duara zima, kama mahali palipopitishwa vidole kwa miaka. Kulabu ilikuwa tupu. Chini yake palikuwa na dimbwi, la mtu aliyesimama kitambo. Kutoka pale nyayo zilipita jikoni zikatoka mlango wa nyuma, na mlango wa nyuma ulikuwa wazi kwenye giza la mchanga.

Wakasubiri. Wote wawili walikuwa wakisikiliza ukuta.

Hapakusikika kitu. Saa ya jikoni, maji yakidondoka kwenye sinki, na huko mbali ndege wa tope wakilia. Ukuta ulikuwa kimya kama ukuta.

Thora akaenda mpaka mlango wa nyuma, akashika mwimo kwa mikono miwili. Gaynor alidhani ataita jina, au atalia. Thora akapaza sauti yake kavu ya dukani kuelekea kule kwenye ukungu:

"Linakutosha?"

Hakujibiwa. Akangoja kidogo, akafunga mlango, akatia komeo. Akachukua tambara akapiga magoti kufuta maji.

"Alikulipa na nini?" akauliza akiwa chini. "Noti gani?"

Gaynor angeweza kudanganya, na alilifikiria. Akaitoa. Ilikuwa bado baridi, na kitambaa cha mfuko wake kilikuwa kimelowa.

Thora alisimama akaitazama bila kuigusa. "Hizo ndizo zilikuwa za wakati ule," akasema. "Nipe."

Vidole vya Gaynor vikajifunga vyenyewe, kama vilivyozoea. "Niliibadilisha kwa yangu. Duka limepata haki yake. Hii ni yangu, Bi Thora."

Hapo Thora akamtazama, na machoni mwake, juu ya machozi ambayo hayakuwa yameanguka, Gaynor aliona kitu kama heshima. "Hata leo unabishana bei," Thora akasema. "Haya, sema unachotaka."

Gaynor alitazama tu, kupita mlango wa sebule, pale kasha lilipokuwa chini ya dirisha. Lilikuwa zuri kuliko alivyolifikiria. Majani yaliyochongwa yalionekana kama yamemwagiwa umande.

"Lichukue," Thora akasema.

Gaynor alikuwa amejiandaa kwa mabishano. Alikuwa na bei tatu tayari, na hasira ya uongo, na hatua za kuelekea mlangoni. Hakupata nafasi ya kutumia hata moja. Akaweka noti katika kiganja cha Thora, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya biashara akahisi kwamba aliyepunjwa hajulikani ni nani.

Ijumaa binamu yake alikuja na gari wakalibeba kasha. Mwezi haukwisha likanunuliwa na bwana mmoja wa kusini ambaye hakubishana sana, na Gaynor akatengeneza paa lake lote kwa fedha hiyo, na zikabaki. Alikagua ndani ya kasha kabla ya kuliuza. Lilikuwa kavu, safi, lina mashuka.

Thora ndiye aliyebadilika. Aliinyoosha noti ile kwa pasi, kwa ustadi wake wote wa dobi, upande huu na upande ule, lakini haikukauka. Mpaka leo haijakauka. Ameibana kwa kibanio cha nguo kwenye ile kulabu, na chini yake ameweka kisahani. Amepaka ukuta rangi upya na rangi haijakwaruzika. Jioni hakimbilii tena treni. Krismasi alikunywa mvinyo wa tangawizi kwa Rosalind akalala kwenye kochi mpaka asubuhi, akikoroma, kwa ushahidi wa Rosalind. Koti lake sasa ni lile jekundu la mvua. Alililipia bei yote.

Lakini usiku, alimwambia Gaynor kwenye treni, nyumba imekuwa kubwa mno. "Nilizoea kuwa kuna mtu anayenitaka nirudi mapema," akasema, akamimina chai.

Gaynor bado anakwenda Barrow kila Jumanne. Akiulizwa, husema ni kwa ajili ya mali nzuri inayopita pale kabla wengine hawajaiona, na mali kweli hupita. Haamini mambo ya mikono ukutani, amesema hivyo gulioni mbele ya watu. Ila nyumbani kwake Millom, ukumbini, kuna kulabu aliyokuwa akiiacha tupu bila kujali. Sasa ametundika koti la kiume la sufi, zito, halina hata tundu la nondo. Wateja wawili wamekwisha kuliulizia, naye amewaambia haliuzwi, lina kulabu yake. Gulioni lingetoka siku hiyohiyo.